Picha Zinazosimulia: Somo la Uchoraji kwa Familia, Kutoka Mchanga wa Kathonzweni



Wazazi wenzetu, na hasa akina mama mnaobaki na watoto saa nyingi za mchana, likizo ya shule inapoingia huja na mtihani ule ule. Mtoto hukaa pembeni na simu, na katuni moja humalizika ikaanza nyingine. Ukimwuliza majina ya wahusika wa katuni za Marekani na Japani atakutajia kumi bila kusita. Mwambie akusimulie hadithi moja tu aliyoipokea kwa nyanya yake, atainamisha kichwa. Kosa si lake. Katuni zimemfikia kila siku, na nyanya hajapewa nafasi.

Wengi wetu tumejaribu kutibu jambo hili kwa kunyang'anya simu. Hiyo ni dawa ya saa moja. Leo tunapendekeza njia ya pili, ambayo ni kumfundisha mtoto kuzitengeneza picha zinazosimulia badala ya kuzitazama tu. Aliyewahi kuchora picha arubaini ili mbuzi mmoja aruke mara moja hatazami tena katuni kwa jicho lile lile. Huanza kuona kazi iliyomo, na huanza kujiuliza ni nani aliyeamua hadithi iwe hivyo.

Kwa somo hili tumeichagua Kathonzweni kuwa darasa letu. Kathonzweni ni mji wa soko katika kaunti ya Makueni, njiani kutoka Wote kwenda Makindu, katika nchi ya ukame ya Ukambani. Msomaji wa Mombasa, Kwale au Malindi asione kwamba tumempeleka ugenini. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu katika karne ya 19, kabla ya reli kuwekwa. Wachongaji wa Kikamba wana chama chao cha ushirika pale Changamwe, na Shimba Hills kuna vijiji vizima vya Wakamba. Wapo miongoni mwetu walioolewa huko, na wapo watoto wetu ambao likizo hii watakwenda kumwamkia nyanya yao wa Ukambani, ambaye kwa Kikamba huitwa susu.

Nchi hiyo, zaidi ya hayo, ni nchi ya hadithi. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango karibu na Kitui, alizikusanya ngano za watu wake na mwaka 1966 akachapisha kitabu chake Akamba Stories. Ngano ambazo hazikupata mtu wa kuziandika ziko vifuani mwa wazee tu, na mzee akiondoka huondoka nazo. Haja yetu ya kuandika leo ni hiyo.

Neno linalotia shaka

Kabla ya kushika penseli, tulikabili swali ambalo mama Mwislamu hawezi kuliruka. Kiswahili cha vitabuni huiita kazi ya kuzifanya picha ziende "uhuishaji", yaani kutia uhai. Neno hilo humshtua mtu aliyesikia darasani onyo la Mtume (s.a.w.) kwa watengenezaji wa sanamu, kwamba Siku ya Kiyama watatakiwa wavitie uhai walivyoviumba wala hawataweza. Kwa hiyo katika makala haya tumeona ni adabu kusema "picha za mwendo". Uhai ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Tunachokifanya sisi ni kupanga karatasi ili jicho lione mwendo.

Wanazuoni wamezungumza sana juu ya mlango huu na hawakuafikiana katika kila jambo. Wapo waliozuia kila picha ya chenye roho iliyochorwa kwa mkono. Wapo wanaotofautisha sanamu yenye kiwiliwili na mchoro wa karatasini. Wapo pia wanaoruhusu picha za kuwafundisha watoto, na hoja yao mojawapo ni vikaragosi ambavyo Bi Aisha (r.a.) alivichezea mbele ya Mtume (s.a.w.) wala asikatazwe. Sisi si mufti, na kila familia na imuulize sheikh wake. Lakini yako mambo mawili yatakayomtuliza hata yule mwenye msimamo mkali zaidi.

La kwanza ni jawabu la Ibn Abbas (r.a.) kwa mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya mikono yake ya kuchora. Alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mlango huo ni mpana kuliko tunavyodhani, kwani mto, wingu, mvua, jahazi, ndoo, nyayo na kivuli vyote vinaweza kubeba hadithi.

La pili ni lenye uzito zaidi kwa somo letu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alichora ili afundishe. Alichora mraba, akapiga mstari katikati yake ukatokeza nje ya mraba, kisha akachora vijistari vidogo kuuelekea ule mstari wa kati. Akawaeleza maswahaba kwamba mstari wa kati ni mwanadamu, mraba ni ajali yake iliyomzunguka, sehemu iliyotokeza nje ni matumaini yake marefu, na vile vijistari ni misukosuko, kimoja kikimkosa kingine humpata. Hapana uso wala jicho katika mchoro ule, na maisha mazima ya binadamu yamo. Mtoto asemaye "mimi sijui kuchora" na aelezwe habari hii. Kinachosimulia ni mpangilio wa mistari na maana yake, na uzuri wa sura huja baadaye ukipenda kuja.

Mbuzi wa Iran na mbuzi wa Kathonzweni

Picha moja huonyesha kitu. Picha mbili zilizofuatana huonyesha kwamba kitu kimebadilika, na hapo ndipo hadithi huanzia. Huo ndio msingi wa elimu hii yote, na watu waliujua kabla ya karatasi kubuniwa.

Mashariki ya Iran, katika magofu ya mji wa kale uitwao Shahr-e Sukhteh, wachimbaji wa mambo ya kale walipata katika miaka ya 1970 bakuli la udongo lenye umri wa takriban miaka 5,000. Ubavuni mwake limechorwa mbuzi mara tano na mti. Ukilizungusha bakuli na kuzifuatisha picha hizo, unamwona mbuzi akiruka juu kuufikia mti na kula majani. Wataalamu wengi hulitaja kuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa ya binadamu kuonyesha mwendo kwa picha.

Mfinyanzi yule alichora jambo ambalo mtoto wa Kathonzweni huliona kila siku, kwa kuwa mbuzi wa nchi kavu hula mgunga kwa kusimama na miguu ya nyuma. Basi zoezi la kwanza na liwe hilo. Gawa karatasi vipande vitano. Katika cha kwanza mbuzi amesimama chini ya mti. Katika cha pili amejikunja, magoti yamepinda. Katika cha tatu yuko hewani. Katika cha nne mdomo umefika kwenye tawi. Katika cha tano ametua, na tawi limepungukiwa na majani. Familia isiyochora wanyama ichore tawi peke yake. Tawi limetulia, tawi limevutwa chini, tawi limeachiwa na linarudi juu kwa kishindo, majani yanaanguka, tawi limetulia likiwa tupu. Mtazamaji atajua kwamba mbuzi amepita hapo, ijapokuwa hakumwona.

Wanawake wa Kikamba nao wana elimu hii mikononi mwao. Msukaji wa kyondo, ule mfuko wa katani tunaouita kiondo, huhesabu nyuzi za rangi mzunguko kwa mzunguko mpaka nakshi itokee. Hawezi kuruka mzunguko mmoja. Mchoraji wa picha za mwendo hufanya kazi kwa subira hiyo hiyo, kwa kuwa picha moja ikikosekana jicho hujikwaa.

Mstari, umbo na kivuli

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Tunahitaji penseli mbili, moja ngumu kidogo ya HB na moja laini ya 2B, raba, kichongeo na daftari lisilo na mistari. Ikikosekana penseli laini, kipande cha mkaa wa jikoni hutoa weusi mzuri.

Siku ya kwanza mtoto achore mistari tu. Mstari wa kulala hutuliza jicho, kama upeo wa macho. Mstari wa kusimama hutia nguvu, kama nguzo ya nyumba. Mstari wa mshazari huleta wasiwasi na mwendo, kama mti unaoanguka. Mtoto akishalijua hilo, huweza kuonyesha furaha au hofu kabla hajachora kitu chochote kinachojulikana.

Siku ya pili ni maumbo. Karibu kila kitu kilichoko duniani kinaweza kujengwa kwa duara, mraba na pembetatu. Mtungi ni duara lenye shingo, nyumba ni mraba wenye pembetatu juu, mwembe ni duara kubwa juu ya mstatili mwembamba. Mtoto achore maumbo hayo kwa mkono mwepesi, kisha aunganishe ukingo, kisha afute mistari ya ndani. Wengi hukata tamaa kwa kuwa huanza na kope za macho na majani ya mti kabla ya kujenga mwili.

Siku ya tatu ni mwanga na kivuli. Weka kikombe karibu na dirisha. Muulize mtoto mwanga unatoka wapi, na upande gani ni mweusi. Kivuli huangukia upande ulio kinyume na mwanga, nacho hukifunga kitu kwenye ardhi. Kitu kisicho na kivuli huonekana kama kinaelea.

Siku ya nne ni umbali. Kilicho karibu huchorwa kikubwa na chini ya karatasi, kilicho mbali huchorwa kidogo na juu zaidi. Kilicho mbele hukifunika kilicho nyuma. Vilima vya mbali hupauka. Aliyesimama Kathonzweni akatazama vilima vya Ukambani saa ya alasiri amekwisha kuliona somo hili, na aliyesimama ufukweni akatazama majahazi ameliona pia.

Hadithi moja katika picha sita

Watu wa fani hii hawaanzi kuchora filamu kabla ya kuipanga hadithi nzima katika vijipicha vidogo vilivyowekwa kwa safu. Mpango huo ni kama ramani ya msafiri, na huokoa karatasi, muda na ugomvi.

Tuchukue hadithi ya maji. Mito mingi ya sehemu za Kathonzweni ni ya msimu. Mvua ikikatika, mto hubaki kitanda cha mchanga mweupe, na anayepita ataapa kwamba hakuna tone. Lakini maji yamo chini ya mchanga, na wanawake huchimba kisima kifupi, hungoja, kisha huteka kwa kata. Makueni na Kitui zinajulikana pia kwa mabwawa ya mchanga, yaani ukuta wa mawe au zege unaokatisha mto wa msimu. Mvua huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na mchanga huo huyahifadhi maji yasikaushwe na jua. Ni hadithi iliyojaa subira, nayo huchoreka kwa urahisi.

Picha ya kwanza iwe ya mbali. Tunaona mto mkavu, jua na mti mmoja, nasi tunajua tuko wapi. Picha ya pili iwe ya kati. Tunaona ndoo tupu juu ya mchanga na nyayo zinazoielekea, na sasa tunajua mtu ana shida gani. Picha ya tatu ni shimo lililoanza kuchimbwa. Picha ya nne ni shimo refu zaidi, bado kavu, na kivuli cha mti kimesogea. Kivuli hicho kimetuambia kwamba saa zimepita, wala hatukuandika neno. Picha ya tano iwe ya karibu sana. Tunaona chini ya shimo tu, na mchanga umeanza kuwa mweusi kwa unyevu. Picha ya sita iwe ya mbali tena. Ndoo imejaa, nyayo zinarudi nyumbani, na pembeni shimo limeachwa wazi kwa ajili ya ajaye.

Mtoto ajifunze kuuliza swali moja katika kila picha. Je, kuna kilichobadilika tangu picha iliyopita? Kama hakuna, picha hiyo na iondolewe.

Familia ya Kiislamu haitachelewa kuona kwamba hadithi hii ina dada yake mkubwa. Bi Hajar (a.s.), akimhofia mwanawe Ismail (a.s.) kwa kiu, alipita baina ya Safa na Marwa mara saba mpaka Mwenyezi Mungu akamtolea Zamzam. Kisa hiki chaweza kusimuliwa kwa picha bila kumchora mtu. Chora vilima viwili na bonde katikati. Chora mstari mmoja wa nyayo, kisha wa pili, kisha wa tatu, hata itimie saba na mchanga wote uwe umekanyagwa. Kisha mchanga unalowa. Kisha maji. Tunaamini mtoto atakayezichora nyayo zile moja moja atauelewa uchungu wa mama huyo kuliko aliyeusikia tu.

Kutoka karatasi hadi mwendo

Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 katika kila sekunde moja. Jicho haliwezi kuzitenga, nalo huziunganisha likaona mwendo. Kwa hesabu hiyo dakika moja huhitaji picha 1,440. Wachoraji wengi hupunguza kazi kwa kuiacha kila picha ikae nafasi mbili, wakachora 12 kwa sekunde. Mtoto anayeanza na achore 8 kwa sekunde. Kwa sekunde tano atahitaji picha 40, na hiyo ni kazi ya siku mbili tatu za likizo.

Njia nyepesi zaidi ni kijitabu cha kupeperusha kwa kidole gumba, kilichosajiliwa Uingereza mwaka 1868. Chukua daftari dogo lenye karatasi nyembamba na uchore pembeni mwa kila ukurasa. Siri yake ni kuanza ukurasa wa mwisho na kurudi nyuma, ili kila karatasi unayoilaza juu ionyeshe kwa ndani mchoro uliotangulia, nawe uufuatishe kwa kuusogeza kidogo.

Zipo kanuni tatu ambazo mtoto akizishika picha zake zitaacha kuyumba. Kanuni ya kwanza ni nafasi. Picha zilizokaribiana huleta mwendo wa polepole, zilizoachana huleta mwendo wa kasi. Embe linapodondoka mtini huanza taratibu kisha huongeza kasi, kwa hiyo nafasi zake zipanuke kadiri linavyokaribia chini. Kanuni ya pili ni maandalizi. Kabla ya kuruka, chenye kuruka hujikunja. Kabla ya kurusha jiwe, mkono hurudi nyuma. Bila maandalizi mtazamaji hupitwa. Kanuni ya tatu ni uzito. Mpira wa matambara ukigonga chini hubonyea kidogo kisha hurudi umbo lake, na jiwe halibonyei. Mtazamaji hujua kitu kimetengenezwa kwa nini kwa namna kinavyotua.

Mkasi na mchanga

Wapo watoto wasiopenda penseli, nao wasiachwe nyuma. Filamu ndefu ya picha za mwendo iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia ilitengenezwa na mwanamke kwa mkasi. Huyo ni Lotte Reiniger wa Ujerumani. Kuanzia 1923 hadi 1926 alikata maumbo ya karatasi nyeusi, akaunga viungo vyake kwa waya, akayalaza juu ya kioo kilichomulikwa kwa chini, na kamera ikapiga picha kutoka juu. Kila baada ya picha aliyasogeza kidogo. Hadithi alizozichukua ni za Alfu Lela Ulela, na filamu yake inamhusu mwanamfalme Achmed. Kwa kuwa yote ni vivuli, hadithi inabebwa na mkao na mwendo wa umbo zima.

Mwanamke mwingine, Caroline Leaf, alifanya kazi kwa mchanga. Mwaka 1974, akiwa na Bodi ya Filamu ya Taifa ya Canada, alisimulia ngano ya Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu, kwa kuusukuma mchanga kwa vidole juu ya kioo kilichomulikwa. Tulipokifikiri kisa hicho tuliikumbuka Kathonzweni mara moja, kwa kuwa mchanga safi wa mto uko pale bila bei. Tunaweza kuusimulia mto kwa mchanga wake wenyewe.

Nyumbani tunaweza kuiga hivi. Laza kipande cha kioo chenye kingo zilizozibwa kwa utepe juu ya viti viwili, na chini yake weka taa ya kuchaji. Tandaza karatasi nyeupe nyembamba ili mwanga usambae. Simu ikae juu ya marundo mawili ya vitabu na rula mbili, isitikisike. Nyunyiza mchanga uliochekechwa, chora kwa kidole, piga picha, sogeza kidogo, piga tena. Programu za simu kama Stop Motion Studio huziunganisha picha hizo, na FlipaClip humwezesha mtoto kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha simu. Kijana mwenye kompyuta anaweza kuingia katika Pencil2D au Blender, ambazo hutolewa bure. Asidhani kwamba cha bure ni duni. Filamu Flow ya kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025, nayo haina neno hata moja lililosemwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Waliotutangulia

Hata Afrika Mashariki njia hii imekwisha kufunguliwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 kusini mwa Tanzania, alianza mwaka 1968 kupaka wanyama juu ya vibao jijini Dar es Salaam kwa rangi ya kawaida ya dukani. Alifariki 1972, kabla ya kuona jina lake likienea. Mwaka 2010 mtindo wake ulitumika katika mfululizo wa watoto wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC. Ngano zake zinaeleza kwa nini mnyama fulani yuko kama alivyo, nazo ni za aina ile ile ambayo susu huisimulia jioni.

Mwaka 2014 Watanzania wa Ubongo walianza kuonyesha Ubongo Kids kwa Kiswahili, wakifundisha hesabu na sayansi, kisha wakaleta Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Na huko Malaysia, mfululizo mashuhuri wa Upin & Ipin ulianza mwaka 2007 kwa vipindi vichache tu vya Ramadhani, vikimfunza mtoto maana ya kufunga. Wote hawa walianza na hadithi ya kwao, kisha dunia ikawafuata.

Adabu za msimuliaji

Tunawausia watoto wetu mambo manne. Kwanza, hadithi ya mtu ni amana. Susu aombwe ruhusa kabla ya sauti yake kurekodiwa, na mwishoni asikilizishwe kazi ili aseme kama imesimuliwa sawa. Pili, jina la aliyesimulia litajwe, kama tunavyoheshimu wapokezi wa elimu katika dini yetu. Tatu, filamu ibaki nyumbani na kwa jamaa. Sura na sauti za mabinti zetu zisirushwe hadharani bila mashauriano ya wazazi. Nne, kazi isipite wakati wa swala. Mchanga utabaki pale pale juu ya kioo mpaka mtoto arudi.

Kwa familia itakayotaka kuanza wiki hii, mpango wetu ni huu. Siku nne za mwanzo ziwe za mstari, umbo, kivuli na umbali. Ya tano mtoto aketi na nyanya, asikilize ngano moja bila simu mkononi. Ya sita aipange ngano hiyo katika picha sita. Ya saba familia nzima ikae baada ya Isha, picha zibandikwe ukutani kwa safu, na mtoto akae kimya huku wengine wakijaribu kuisoma hadithi kwa macho peke yake. Pale watakapokwama, hapo ndipo pa kuchora upya. Wiki ya pili ndiyo ya kuzipa picha mwendo.

Hatukutaraji kwamba kila nyumba itatoa msanii. Tunachotaraji ni kwamba kila nyumba itaokoa hadithi moja, na kwamba mtoto mmoja katika kila nyumba atajua kuwa hadithi za kwao zinastahili kutazamwa. Mwenyezi Mungu atuwafikishe, azitakase nia zetu, awape afya na umri wenye baraka wazee wetu walio Pwani na walio Ukambani, na ajaalie mikono ya watoto wetu iwe ya manufaa. Aamin.